Maradhi ya Parkinson: Mazoezi Husaidia Hata Pale Jicho Lisipoona

Ugonjwa wa Parkinson hujulikana na watu wengi kwa jambo moja tu, nalo ni kutetemeka. Mzee anapoonekana mkono wake ukitikisika juu ya goti, au anapotembea kwa hatua fupi fupi huku ameinama mbele, watu husema kwamba huyo ana ugonjwa wa kutetemeka, na mazungumzo huishia hapo. Lakini wale wanaoishi na mgonjwa nyumba moja wanafahamu kwamba kutetemeka ni sehemu moja tu ya taabu yake. Wao ndio wanaomsikia akipiga kelele usingizini, ndio wanaojua kwamba amemaliza siku nne bila kupata choo, na ndio wanaomwona akikaa kimya tangu asubuhi hadi jioni, hana hamu ya chakula wala ya wageni. Mambo hayo hayaonekani barabarani, na mara nyingi hata daktari haambiwi.

Jambo la kutia moyo ni kwamba mazoezi ya viungo, ambayo askari na polisi wanayafahamu kuliko raia wengi, yamechunguzwa kwa makini katika nchi mbalimbali na kuonekana kuwa yana faida kwa wagonjwa hao. Faida yenyewe haiishii katika miguu na mikono. Hufika pia katika usingizi, katika moyo uliojaa huzuni, na katika tumbo. Kwa hiyo yafaa kila nyumba yenye mgonjwa ifahamu ni mazoezi gani yanayosaidia, kwa kiasi gani, na ni hatari zipi za kuepukwa.

ASILI YA JINA NA YA UGONJWA

Jina la ugonjwa huu lilitokana na daktari mmoja wa London, James Parkinson, aliyezaliwa tarehe 11 Aprili, 1755. Mwaka 1817 alitoa kijitabu kidogo akieleza habari za watu sita waliokuwa na maradhi hayo. Si wote waliokuwa wagonjwa wake. Baadhi yao aliwaona barabarani tu, akawachunguza jinsi walivyotembea. Baadaye, katika karne hiyo hiyo ya 19, bingwa wa maradhi ya mishipa ya fahamu mjini Paris, Jean-Martin Charcot, ndiye aliyependekeza ugonjwa huo uitwe kwa jina la Parkinson. Hadi leo tarehe 11 Aprili huadhimishwa kila mwaka kuwa siku ya ugonjwa huo duniani.

Daktari Parkinson aliandika kwamba akili na hisia za mgonjwa hubaki salama. Hata hivyo, katika kijitabu hicho hicho alitaja pia usingizi uliovurugika na tumbo lililokuwa zito kufanya kazi yake. Kwa muda mrefu waliomfuata walishikilia kutetemeka na ugumu wa viungo, wakayaacha hayo mengine yapite kama mambo ya uzee. Ni katika miongo ya karibuni tu ndipo madaktari walipoyatambua kuwa ni sehemu kamili ya ugonjwa wenyewe.

Chanzo cha taabu zote kimo ubongoni. Katika shina la ubongo iko sehemu ndogo yenye rangi nyeusi ambamo hutengenezwa kemikali iitwayo dopamini. Kemikali hiyo ni mfano wa tarishi wa ofisini: hupeleka amri kutoka sehemu moja ya ubongo hadi nyingine, ili mwili utembee, ugeuke na kusimama bila mtu kufikiri kila hatua. Katika ugonjwa wa Parkinson seli zinazotengeneza dopamini hufa kidogo kidogo. Matarishi wanapopungua, amri huchelewa kufika. Ndiyo maana mgonjwa hupunguza mwendo, viungo vyake hukakamaa, uso wake hukosa tabasamu, maandishi yake huwa madogo, na mkono hutetemeka ukiwa umepumzika.

Lakini uharibifu huo haukomei katika sehemu hiyo nyeusi. Huenea pia katika mishipa inayoongoza matumbo, kunusa, usingizi, shinikizo la damu na hali ya moyo. Hii ndiyo sababu ya taabu zile zisizoonekana kwa macho.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa na ugonjwa huu. Wengi huupata baada ya kutimiza miaka 60, ingawa wako waliopatwa kabla ya miaka 50. Hauambukizi. Haukutokana na kulogwa wala na laana ya wazee. Kwa wagonjwa wengi chanzo hasa hakijulikani, lakini urithi na baadhi ya sumu huongeza hatari. Dawa fulani za kuulia wadudu na magugu zimetajwa. Kadhalika, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2023 huko Marekani ulihusu wanajeshi waliokaa katika kambi ya Lejeune kati ya mwaka 1975 na 1985, ambako maji ya kunywa yalikuwa yamechafuliwa na kemikali za kusafishia vyuma na nguo. Ilionekana kwamba hatari yao ya kupata ugonjwa wa Parkinson ilikuwa kubwa kwa asilimia 70 kuliko ya wenzao wa kambi nyingine.

WAGONJWA WAPO HATA KATIKA AFRIKA MASHARIKI

Wako wanaodhani kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Hilo si kweli. Watafiti walipozunguka nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro nchini Tanzania, katika eneo lenye watu wapatao 161,000, waliwapata wagonjwa 33. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008. Jambo lililosikitisha zaidi si hesabu hiyo, bali ni kwamba wengi wa wagonjwa hao walikuwa hawajawahi kuambiwa na mganga yeyote jina la ugonjwa wao. Walikuwa wakiishi nao miaka mingi, na jamaa zao wakidhani ni uzee.

Katika nchi jirani hali haielekei kuwa tofauti sana. Mabingwa wa maradhi ya ubongo ni wachache na wengi wako mijini. Mstaafu wa jeshi au wa polisi aliyerudi kijijini anaweza kupita zahanati kadhaa akipewa dawa za maumivu ya mgongo, dawa za minyoo na dawa za usingizi, bila mtu kuziunganisha taabu hizo kuwa ugonjwa mmoja.

TAABU ZISIZOONEKANA

Yafaa jamaa wa nyumbani wazijue taabu hizi moja moja, kwa sababu nyingine huanza miaka mingi kabla ya mkono kutetemeka.

Ya kwanza ni kupotewa na uwezo wa kunusa. Mtu hasikii tena harufu ya samaki anayekaangwa wala ya chakula kinachoungua. Kwa kuwa haumwi, hamwambii mtu.

Ya pili ni kufunga choo. Matumbo nayo huongozwa na mishipa ya fahamu, na mishipa hiyo inapolegea chakula hukawia njiani. Mgonjwa hujaa tumbo, hukosa hamu ya kula, na hata dawa anazomeza huchelewa kufanya kazi.

Ya tatu ni vurugu za usingizi. Kwa kawaida mtu anapoota ndoto, ubongo huufunga mwili usitikisike. Kwa baadhi ya wagonjwa kufuli hiyo hufunguka. Mtu hupigana na adui wa ndotoni, hupiga mateke, hupiga kelele, na huweza kumjeruhi mkewe bila kujua. Katika nyumba ya askari jambo hili hudhaniwa upesi kuwa ni kumbukumbu za vita. Huenda ikawa hivyo, lakini huenda pia ikawa ni dalili ya mapema ya Parkinson, na kwa hiyo daktari apaswa kuelezwa. Wakati huo huo usalama wa chumbani usingoje. Bunduki, panga, rungu na taa ya moto visiwe karibu na kitanda cha mtu wa namna hiyo.

Ya nne ni huzuni nzito, ambayo siku hizi huitwa sonona, pamoja na wasiwasi. Si huzuni ya kujua kwamba mtu ni mgonjwa tu; ugonjwa wenyewe hubadili kemikali za ubongo zinazotia furaha. Karibu nayo iko hali ya kukosa ari, ambapo mtu halii wala hasikitiki, ila hana msukumo wa kuanza jambo lolote. Hapo ndipo wengi huitwa wavivu na watoto wao wenyewe.

Ya tano ni kizunguzungu anaposimama. Shinikizo la damu hushuka ghafla, macho huingia giza, na mgonjwa huanguka. Wako walioshukiwa ulevi kwa ajili ya hali hiyo na ya mwendo wao wa kuyumba, hali hawakuonja pombe.

Kuna pia uchovu usioisha, maumivu ya bega au mgongo, kwenda haja ndogo mara nyingi usiku, jasho jingi, mate kutiririka, na kwa baadhi ya wagonjwa, hasa ugonjwa unapokuwa wa siku nyingi, kusahau na kuona vitu visivyokuwapo. Wagonjwa wengi husema kwamba hizo ndizo zinazowanyima raha kuliko kutetemeka.

MAZOEZI YAMEPIMWA

Dawa kuu ya Parkinson ni levodopa, ambayo ilianza kuleta matunda makubwa katika miaka ya 1960. Ikiingia ubongoni hugeuzwa kuwa dopamini, na mgonjwa aliyekuwa kama gogo huinuka na kutembea. Lakini taabu kadhaa kati ya zilizotajwa juu hazisikii dawa hiyo vizuri, na haijapatikana dawa inayozuia seli zisife. Ndiyo sababu wataalamu wameyageukia mazoezi na kuyapima kwa utaratibu ule ule wanaopimia dawa.

Mwaka 2023 yalikusanywa pamoja matokeo ya majaribio 156 yaliyohusisha wagonjwa 7,939. Ilionekana kwamba aina nyingi za mazoezi hupunguza ugumu wa mwendo na huongeza ubora wa maisha, na hapakuwa na ushahidi mkubwa wa aina moja kuzishinda nyingine zote. Maana yake kwa mtu wa kawaida ni hii: zoezi bora ni lile ambalo mgonjwa atalifanya leo, kesho na mwakani.

Baadhi ya majaribio hayafai kupitwa bila kutajwa. Huko Uholanzi, wagonjwa 130 waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa baiskeli za kusimama nyumbani, wakaziendesha dakika 30 hadi 45, mara tatu kwa wiki, kwa miezi sita. Fungu la pili lilifanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba dalili za mwendo za fungu la pili ziliendelea kuwa mbaya, ilhali za waendesha baiskeli zilibaki karibu pale pale. Picha za ubongo zilizotangazwa mwaka 2022 zilionyesha kwamba bongo za waendesha baiskeli zilisinyaa kwa kiasi kidogo kuliko za wenzao.

Katika jimbo la Oregon, Marekani, wagonjwa 195 walishiriki jaribio lililotangazwa mwaka 2012. Waliofundishwa tai chi, yaani mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, mara mbili kwa wiki kwa majuma 24, walisimama imara kuliko wengine, na walianguka mara chache kuliko wale waliojinyoosha tu.

Je, na taabu zile za ndani? Ushahidi wake bado ni mdogo kuliko ule wa mwendo, lakini upo. Huko Hong Kong, mwaka 2019, wagonjwa 138 walifuatwa kwa majuma manane. Nusu yao walifanya yoga pamoja na kutuliza fikira, na nusu mazoezi ya nguvu na ya kunyoosha viungo. Mwendo wao ulipata nafuu iliyolingana, lakini wasiwasi na huzuni vilipungua zaidi kwa wale wa kwanza. Katika jimbo la Alabama, Marekani, mwaka 2020, wagonjwa waliofanya mazoezi makali mara tatu kwa wiki kwa majuma 16 walipimwa usiku kwa mitambo ya kupima usingizi. Walionekana kulala muda mrefu zaidi, na usingizi mzito uliongezeka, kuliko wenzao waliopewa mashauri tu juu ya kulala vizuri.

Kuhusu tumbo, mwili unaotembea husukuma matumbo, na mwili uliolala huyalaza. Kuhusu uchovu, yaweza kuonekana ajabu kumwambia mtu aliyechoka atoke akatembee. Lakini mgonjwa akikaa miezi mingi bila kujongea, misuli hunywea, moyo hudhoofika, na hatua kumi humchosha kama kilima. Sehemu hiyo ya uchovu ndiyo ambayo mazoezi huweza kuiondoa.

NGUMI BILA KUPIGWA

Hakuna mgonjwa wa Parkinson aliyejulikana duniani kumshinda Muhammad Ali. Tarehe 30 Oktoba, 1974, mjini Kinshasa, alimwangusha George Foreman mbele ya macho ya Afrika nzima. Miaka kumi baadaye, 1984, akiwa na umri wa miaka 42, madaktari walitambua kwamba ana ugonjwa huo. Mwaka 1996 aliwasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta huku mkono wake ukitetemeka, na alifariki tarehe 3 Juni, 2016. Kwa sababu ya ngumi nyingi alizopigwa kichwani, watu wameshindana kwa miaka mingi kama ndizo zilizomletea ugonjwa au la.

Hata hivyo mazoezi ya bondia, pasipo kupigwa, yamekuwa msaada. Scott Newman, aliyekuwa mwendesha mashtaka wa serikali katika mji wa Indianapolis, Marekani, alipatwa na Parkinson akiwa na miaka 40. Rafiki yake aliyekuwa bondia akamfundisha mazoezi ya ngumi, akapata nafuu. Mwaka 2006 alianzisha mafunzo ya namna hiyo kwa wagonjwa wengine. Hakuna anayempiga mwenzake. Hupiga mfuko, huruka kamba wanaoweza, hugeuka upesi, na huhesabu kwa sauti kubwa. Zoezi hilo hukusanya pamoja kasi, mizani, sauti na, jambo lisilo dogo, urafiki. Mtu aliyekuwa amejifungia ndani kwa aibu hujikuta katikati ya wenzake.

RATIBA YA WIKI

Mashauri yanayotolewa na wataalamu hugawa mazoezi katika mafungu manne. Yote yaweza kufanywa nyumbani bila kununua chombo.

1. Mazoezi ya kuhemesha: siku tatu kwa wiki kwa uchache, dakika 30 kila siku. Kutembea kwa kasi huku mikono ikirushwa, kuendesha baiskeli ya kusimama kama ipo, au kucheza muziki wa redioni, yote yafaa. Kipimo chake ni rahisi: mgonjwa aweze kuzungumza lakini asiweze kuimba. Asiyeweza dakika 30 aanze na kumi, kisha aongeze kidogo kila wiki.

2. Mazoezi ya nguvu: siku mbili au tatu zisizofuatana. Kuketi kitini na kusimama mara kumi bila kutumia mikono, kusukuma ukuta, na kuinua chupa mbili za maji za lita moja moja.

3. Mazoezi ya mizani: siku mbili au tatu. Kusimama kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, kuruka kwa hatua fimbo iliyolazwa sakafuni, na kugeuka kwa duara pana badala ya kuzunguka ghafla. Mtu mzima na asimame karibu daima, na ukuta au meza iwepo ya kushika.

4. Kunyoosha viungo: kila siku, hasa shingo, mabega, kifua na mapaja, kwani mwili wa mgonjwa hupenda kujikunja mbele. Hapa yafaa kuongezwa zoezi la sauti. Mgonjwa asome ukurasa wa gazeti kwa sauti kubwa, kama anayesomea watu walioko mwisho wa chumba.

Kuna jambo moja ambalo nyumba za askari zina bahati nalo. Wagonjwa wengine miguu yao huganda ghafla, hasa mlangoni au wanapogeuka, kana kwamba imebandikwa sakafuni. Kuwavuta hakusaidii, huwaangusha. Kinachosaidia ni mdundo. Mtu akihesabu kwa sauti, "Kushoto, kulia, kushoto, kulia," kama kwenye gwaride, mara nyingi miguu hufunguka. Mistari ya chaki iliyochorwa sakafuni kwa nafasi za hatua hufanya kazi hiyo hiyo, kwa kuwa ubongo hupita njia nyingine pale ile ya kawaida ilipozibwa. Madaktari wa Uholanzi walitangaza mwaka 2010 habari za mgonjwa mwenye umri wa miaka 58 aliyekuwa hawezi kutembea hatua chache bila kuganda, lakini akipewa baiskeli alikwenda bila shida.

TAHADHARI

Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Mgonjwa asiache levodopa kwa kuwa amepata nafuu, wala asiikatize ghafla, maana kuikatiza huweza kuleta hatari kubwa. Mazoezi na yafanywe saa ambayo dawa inafanya kazi vizuri. Kwa kawaida dawa hiyo humezwa nusu saa kabla ya chakula au saa moja baadaye, kwa sababu nyama, maharage na maziwa hushindana nayo tumboni. Saa zenyewe yapasa kupangwa na daktari.

Mwenye ugonjwa wa moyo, au anayeona kizunguzungu, apimwe kwanza. Zahanati yoyote yenye kipimo cha shinikizo la damu yaweza kulipima mgonjwa akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Nyumbani, kabla ya kuondoka kitandani, aketi ukingoni, atikise vifundo vya miguu mara kumi, ndipo asimame. Asifanye mazoezi juani wala mara baada ya kula chakula kizito, kwani nyakati hizo shinikizo hushuka upesi. Maji ya kunywa yawe karibu. Maji hayo, pamoja na papai, mboga za majani na kwenda chooni saa ile ile kila asubuhi, husaidia pia tumbo. Kwenye choo cha shimo iwekwe nguzo imara ya kushikia, kwa kuwa kuchuchumaa na kuinuka ni kazi ngumu kwa mtu aliyekakamaa.

Kumekuwa na habari juu ya upupu, mmea ule uwashao ambao watoto huukimbia shambani. Ni kweli kwamba mbegu zake zina levodopa ndani yake, na watafiti wamezijaribu. Lakini kiasi kilichomo hutofautiana kutoka mbegu hadi mbegu, na anayejitengenezea dawa jikoni hawezi kujua amekunywa kiasi gani. Tena asiunganishe unga huo na dawa za hospitali bila daktari kujua.

Mwisho, mazoezi hupunguza huzuni lakini hayatoshi kwa kila mtu. Mgonjwa anayesema kwamba amechoka kuishi asijibiwe kwa mizaha wala kwa hotuba ya ushujaa. Silaha ziondolewe nyumbani, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Sonona ina matibabu yake.

KAZI YA JAMAA

Mtu aliyekosa ari hataanza mazoezi kwa kuamriwa. Ndiyo maana ratiba nzuri ni ile yenye mwenzi. Mke akitembea na mumewe alfajiri, mjukuu akihesabu hatua, au wastaafu watatu wakikutana uwanjani Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kazi huwa nyepesi. Mgonjwa aambiwe, "Baba, twende," wala si "Baba, nenda." Aachwe pia ajifungie vifungo vya shati mwenyewe hata kama anakawia, kwa sababu kila jambo analofanyiwa leo ni jambo atakaloshindwa kesho.

Yafaa kuwe na daftari dogo nyumbani. Kila siku yaandikwe mambo matano: amefanya mazoezi dakika ngapi, amepata choo au hakupata, amelala vipi, moyo wake ulikuwaje, na kama ameanguka. Baada ya majuma manane familia itaona yenyewe kama kuna badiliko. Daftari hilo lichukuliwe siku ya kwenda kumwona daktari. Mgonjwa mwenyewe huweza kusahau au kuona haya kusema habari za choo na ndoto zake, na daktari mwenye foleni ndefu huweza kuangalia mkono unaotetemeka na kuishia hapo. Karatasi haina haya wala haisahau, na dakika tano za kuisoma zaweza kumfanya daktari atibu ule upande wa ugonjwa ambao hakuwa ameuona.